Mjumbe Asiyejua Aliyemtuma

  

Leo tuzungumze juu ya mitandao ya kijamii: WhatsApp, Facebook, Instagram, TikTok na mingine ya jamii hiyo. Nitasema inatufaa nini, inatuumiza wapi, na kesho yake naionaje. Nitaizungumza nikiitazama Ipole, kwa sababu mengi yanayosemwa juu ya mitandao husemwa kana kwamba simu janja zinaishia Dar es Salaam na Dodoma.

Ipole ni njia panda. Ukitoka Tabora ukaiacha Sikonge nyuma, hapa ndipo barabara zinapoachana. Moja inakwenda Koga hadi Mpanda, nyingine inakwenda Rungwa hadi Chunya na Mbeya. Penye njia panda habari hazikauki. Dereva wa lori ana lake, mnunuzi wa asali ana lake, mfugaji anayehama na mifugo yake ana lake. Kwa hiyo tusidhani kwamba watu wa nchi hii walianza kuunganishwa siku walipopata simu. Walikuwa wameunganishwa zamani, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912.

Katika karne ya 19 msafara uliotoka Bagamoyo ulichukua kiasi cha miezi mitatu kufika Tabora, na kutoka hapo wengine waliendelea hadi Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walibeba nguo, shanga na pembe za ndovu, na pamoja na mizigo hiyo walibeba habari. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na hilo tusilifunike tunapoisifu. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora, njia ya moja kwa moja ya magharibi ilizibika. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta mmisionari na msafiri Dakta Livingstone, ikambidi azunguke kusini, apite Ugunda na Ukonongo, yaani misitu ya ukanda wetu huu, ndipo afike Ujiji.

Mpagazi alikuwa mbali na kwao kwa miezi mingi. Akiugua, nani amuuguze? Akifa, nani amzike? Hapo ndipo utani baina ya Wanyamwezi na watu wa njiani na wa pwani, kama Wazaramo na Wazigua, ulipopata nguvu yake. Mtani alikuwa na haki ya kukutania, hata kukunyang'anya kitu chako kwa mzaha na usikasirike. Lakini alikuwa pia na wajibu, kwamba msiba wako ni kazi yake. Mtu alipata ndugu mahali asipozaliwa, na udugu huo ulimdai kitu. Naomba mlishike neno hilo la kudaiwa, maana ndilo nitakalolirudia leo.

Sasa niwape habari mbili zilizotembea kwa miguu katika Afrika Mashariki. Zote zinahusu kifo cha mtu mmoja, David Livingstone. Moja ilikuwa ya uongo, nyingine ya kweli.

Ya kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1866 mtu aitwaye Musa, kutoka kisiwa cha Nzuwani, alirejea Zanzibar na wenzake. Walikuwa wapagazi wa Livingstone. Wakasema bwana wao ameuawa huko bara karibu na Ziwa Nyasa. Habari ilisimuliwa kwa undani, nani alivamia, nani alipigwa, na wao walivyosalimika. Wakubwa wa Zanzibar waliiamini, na mapema mwaka 1867 ikawa imefika London. Ukweli ni kwamba Musa na wenzake walimwacha Livingstone akiwa hai, wakakimbia. Bwana akiwa amekufa, aliyetoroka haitwi mtoro, na mshahara wake anaweza kuudai. Yupo aliyetilia shaka. Edward Young, aliyemjua Musa tangu safari za mto Zambezi, alikubali kuongoza msafara wa kwenda kuhakiki mwaka huohuo wa 1867. Akafika kwenye ziwa, akauliza watu wa vijiji, wakamwambia kwamba yule mzungu alipita salama, na kwamba waliomkimbia walirudi walikotoka.

Ya pili. Livingstone alifariki kweli Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuhifadhi mwili wake wakaanza safari ndefu ya kuurudisha pwani. Walikuja kwa njia za kusini kuelekea Unyanyembe. Walipopata habari kwamba kuna Waingereza Unyanyembe, Jacob Wainwright, mmoja wao aliyejua kuandika, akaandika barua. Chuma akatangulia nayo. Oktoba 20, 1873, barua ikamfikia Luteni Cameron, mmoja wa Waingereza hao. Nyuma ya barua ukaja mwili wenyewe.

Wasikilizaji, zipimeni habari hizo mbili. Habari ya Musa ilikuwa nyepesi, ikafika mapema, ikavuka bahari. Ilimfaa aliyeileta, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Habari ya Chuma ilikuwa nzito na ilichelewa miezi zaidi ya mitano, lakini ilikuwa na mwandishi anayejulikana, mbebaji anayejulikana, na ushahidi uliokuwa njiani ukija. Nayo haikumletea Chuma faida ya haraka, ilimletea kazi ya kubeba maiti hadi Bahari ya Hindi. Hapo ndipo ninaposimama leo. Uzuri au ubaya wa habari hauamuliwi na kasi yake. Unaamuliwa na swali moja: nani anaijibia?

Tuje kwenye simu zetu. Nianze na faida, na nizisifu kwa haki yake.

Mfuga nyuki wa Sikonge zamani alikaa kambini msituni majuma kadhaa, akashuka na madumu ya asali bila kujua bei ya mjini. Mchuuzi wa kwanza kufika ndiye aliyepanga bei. Leo mfugaji huyo akiwa kwenye kundi la wenzake, anajua wanunuzi wa Tabora wanatoa ngapi, wa Dodoma wanatoa ngapi, na anaweza kumwonyesha mteja wa Dar es Salaam picha ya asali yake kabla haijapakiwa. Mchuuzi bado anahitajika, ana gari na ana mtaji. Lakini hawezi tena kupanga bei kwa kutegemea kwamba mwenzake hajui.

Mkulima wa tumbaku naye anapata tangazo la chama chake cha msingi siku ileile, soko linafunguliwa lini na pembejeo zimefika wapi. Hapa Ipole, ambako vijiji vina eneo lao la hifadhi ya wanyamapori, tembo wakitoka msituni usiku ujumbe mmoja wa sauti unaweza kuwaamsha watu wa vitongoji vitatu na kumfikia askari wa wanyamapori wa kijiji kabla mahindi hayajaliwa.

Na kuna msiba. Ukoo umetawanyika, mmoja Mpanda, mmoja Kahama, mmoja Arusha, mmoja Muscat. Zamani aliyekuwa mbali alipata habari mzazi akiwa ameshazikwa. Sasa kundi la ukoo linafunguliwa saa hiyohiyo, michango inapita kwenye simu, jina linaandikwa na kiasi chake, na mweka hazina anawajibika mbele ya wote. Utaona kwamba kazi hii ni ileile ya watani wa njia ya misafara. Inafanikiwa kwa sababu ileile: kila aliyemo anajulikana na anadaiwa.

Hasara zinaanza pale kudaiwa kunapoisha. Ujumbe unaingia kwenye kundi lenye watu mia mbili. Aliyeuleta anasema, "nimeupokea kama ulivyo." Aliyempa naye aliupokea kama ulivyo. Ukifuata mkondo hufiki kwenye chemchemi. Ukimlaumu mtumaji, anakujibu kwa methali: mjumbe hauawi. Ndugu zangu, methali hiyo ni ya mjumbe aliyetumwa. Mjumbe wa mtemi alijua katumwa na nani, kwa nani, na arudi na jibu gani. Alilindwa kwa sababu nyuma yake palikuwa na mwenye maneno. Wewe unayesambaza ujumbe usiojua ulikotoka hukutumwa na mtu. Maneno hayo yakishatoka mkononi mwako, mwenyewe ni wewe.

Tunayo methali nyingine tunayoipenda: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nayo nawaomba tuishike kwa tahadhari, maana imeshaua watu. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili na dereva wao waliuawa na umati. Walitoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, na kazi yao ilikuwa kuchukua sampuli za udongo. Watu waliambiwa kwamba hao ni mumiani, wamekuja kunyonya damu. Uvumi wa mumiani ni wa tangu enzi ya ukoloni, hauhitaji intaneti. Basi fikirini uvumi wa namna ile ukiongezewa picha ya gari na namba yake, ukawa mbele ya gari kijiji kwa kijiji.

India iliyaona hayo. Mwaka 2018 watu kadhaa waliuawa na makundi ya raia baada ya jumbe za WhatsApp kudai kwamba wageni wanaiba watoto. Kampuni ya WhatsApp ikapunguza idadi ya mazungumzo ambayo mtu anaweza kuyasambazia ujumbe kwa mara moja hadi matano, kwanza India, kisha dunia nzima mwaka 2019. Aprili 2020 ikaongeza sharti: ujumbe uliosambazwa mno upelekwe sehemu moja moja tu. Baadaye ikatangaza kwamba usambazaji wa jumbe za aina hiyo umeshuka kwa asilimia 70. Kumbe wenye mitandao wakitaka, wanaweza kuupunguza mwendo uvumi. Tatizo ni kwamba walingoja watu wafe.

Hata ndugu zetu Waethiopia wamelia. Novemba 2021 Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Kabla ya hapo Facebook ilibeba maandishi yaliyomtaja na kumshutumu. Mwanawe alifungua kesi Nairobi Desemba 2022 dhidi ya kampuni inayomiliki Facebook, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza. Swali lililoko mbele ya mahakama hiyo ni lile nililowauliza: nani anaijibia habari?

Hasara ya pili ni wizi. Nani kati yetu hajapata ujumbe unaosema, "ile hela itume kwenye namba hii"? Tapeli hajui kama unadaiwa. Anatuma kwa maelfu ya watu akijua kwamba mmoja wao saa hiyo yuko kwenye foleni ya wakala akitaka kumtumia mwanawe ada. Bibi anaandikiwa kwamba mjukuu amefika shule, simu imeharibika, atumie namba ya mwalimu. Tangu mwaka 2019 laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole, na bado wizi upo, kwa sababu wapo wanaosajiliwa laini kwa majina yao bila kujua. Piga *106# uangalie ni laini ngapi zimeandikwa kwa kitambulisho chako. Ukipata ujumbe wa kitapeli, uripoti kwa namba 15040.

Hasara ya tatu inaniuma kuliko zote, nayo ni mikopo ya haraka ya simuni. Unapakua programu, inakuomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi, unakubali kwa sababu mtoto anaumwa. Ukichelewa kulipa, ujumbe unakwenda kwa mkweo, kwa mchungaji, kwa imamu, kwa mwalimu wa mwanao, kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Huko ni kuuchukua udugu wa mtu na kuugeuza fimbo ya kumchapia. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inampa kila Mtanzania haki juu ya taarifa zake. Ukidhalilishwa hivyo, usinyamaze kwa aibu. Aibu ni ya aliyesambaza.

Nije kwa upande wa serikali, niseme kwa heshima na kwa uwazi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayechapisha jambo akijua ni la uongo kwa nia ya kuupotosha umma, kwa faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kumwajibisha mwongo ni haki. Lakini Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mimi naamini kuwazimia watu wote hakumwajibishi mwongo hata mmoja. Habari ya kweli ndiyo inayokosa njia, na uvumi unabaki na midomo ya watu. Mzazi anayetafuta habari za mwanawe aliye mjini naye ananyimwa, na hana kosa. Nchi inayotaka watu wake waijibie kauli zao iwaache kwanza waseme, kisha iwaulize kwa sheria, mmoja mmoja, kwa haki.

Na kesho je? Naona mambo mawili yakija, na yameshaanza kufika. La kwanza ni sauti na picha za kutengenezwa kwa akili bandia. Mpaka sasa tumezoea kusema, "nimemsikia kwa masikio yangu." Kompyuta sasa inaweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia sekunde chache za maneno yake. Ule ujumbe wa mjukuu utakuja kwa sauti ya mjukuu. Basi kila familia iweke leo neno lake la siri, linalojulikana nyumbani tu, la kuulizwa kabla shilingi haijatoka.

La pili ni lugha. Kiswahili kinazungumzwa na mamilioni ya watu, lakini mitambo inayochuja maneno ya chuki iliundwa zaidi kwa Kiingereza. Vijana wetu wanaosoma kompyuta Tabora, Dodoma na Dar es Salaam wana kazi kubwa hapo. Wasiingoje California iwajue Wanyamwezi.

Lakini kuna kazi isiyongoja mtaalamu, na ndiyo ninayowaachia watu wa Ipole. Ninyi mnaoongoza makundi, iwe kundi la ukoo, la wafuga nyuki, la kanisa, la msikiti au la chama cha msingi, wekeni masharti machache na myasimamie. Asiingie mtu asiyejulikana jina na mdhamini wake. Atakayeleta habari ya mtu kuugua, kufa, kuiba au kuloga, aseme kaipata kwa nani, na kama hawezi, iondolewe. Habari ya mgeni yeyote kijijini ipelekwe kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji au afisa mtendaji, kabla haijaenda kwenye kundi. Aliyekosea arekebishe palepale alipokosea, mbele ya walewale, asifute kimyakimya.

Na maamuzi ya kijiji yasihamie kwenye simu. Wengi wetu, hasa wazee na kina mama, bado wana kitochi, na wengine hawana hata hicho. Ardhi, msitu, malisho na fedha za hifadhi viamuliwe kwenye mkutano, ambako mtu anasimama, anataja jina lake, anasema, na anaulizwa. Kundi la WhatsApp litangaze mkutano, lisigeuke kuwa mkutano.

Mimi ninayewasemesha nina masafa yangu, nina kipindi changu, na studio yetu ina mlango mnaoujua. Nikisema uongo leo, kesho mnaweza kuja kuniuliza, na ni haki yenu. Ninachowaomba ni kwamba kila mmoja wenu mwenye simu ajiwekee sharti hilohilo. Usisambaze neno ambalo hauko tayari kulisema mkutanoni huku wote wakikutazama. Leo hii, kabla jua halijachwa, fungua kundi unaloliongoza, waite wenzako, mkubaliane masharti hayo. Aliye na sharti bora zaidi atuletee hapa studio, tutalisoma juma lijalo pamoja na jina lake.